Namba Tano wa Al Quoz

Severin Haule hajawahi kuwa mtu wa mbele. Kwao Songea, tangu shule ya msingi, wenzake walipokuwa wakigombania jezi namba tisa, yeye alikwenda nyuma bila kuambiwa, akasimama karibu na kipa na kusubiri mtu wa kumkwatua. Akadumu hukohuko. Alichezea timu moja ya daraja la pili kwa miaka tisa, beki wa kati, na katika miaka yote hiyo alifunga bao moja tu. Lilikuwa la kujifunga. Waliokuwepo husema lilikuwa bao zuri, la kichwa, kipa hata hakuliona.

Mpira haukumtajirisha, ila heshima ulimpa. Alipopeleka posa kwa kina Martina, baba mkwe aliyamaliza mambo ya mahari upesi upesi, kisha akataka aelezwe vizuri ilikuwaje Jumapili ile wakakubali kufungwa kwa kona dakika za mwisho. Mazungumzo hayo ndiyo yaliyochukua muda. Martina mwenyewe alikaa jikoni akingoja wamalize, na anasema hadi leo hajui kama baba yake alimtoa kwa mume au kwa beki.

Timu ikaja kufa, kama timu za mikoani zinavyokufa: mfadhili alianza kutopokea simu. Severin akatafuta wakala, akapata pasipoti, akatua Dubai kuwa mlinzi wa ghala la vigae kule Al Quoz. Anakaa getini. Lori likija ananyanyua kizuizi, likipita anakishusha. Madereva wenye adabu humwita "security", waliobaki hupiga honi. Kwenye simu alimwambia Martina kwamba kazi ni nzuri, ina kivuli.

Mpira aliukuta ukimsubiri. Nyuma ya maghala kuna uwanja wa mchanga, na siku ya Ijumaa asubuhi, kabla jua halijaanza ukorofi wake, timu za makampuni hukutana hapo. Walinzi nao walikuwa na yao, Watanzania na Waganda nusu kwa nusu, wengine wakija moja kwa moja kutoka zamu ya usiku na macho mekundu. Kocha alikuwa Mkenya mmoja, Terry, naye alipohamishiwa Abu Dhabi timu ikamchagua Severin. Haikuwa kwa sababu ya ujuzi. Walisema kwa vile tayari alikuwa anapiga kelele mechi nzima, bora apewe na cheo.

"Sasa kaka Seve," akauliza Ibra, kipa wao, mtu wa Tanga, "wewe kocha na wewe unacheza. Siku ukiboronga nani atakutoa?"

Watu wakacheka. Severin naye akacheka, kisha akapanga kikosi na kujiweka namba tano.

Akaanza kazi kwa kuwafundisha walinzi kwa lugha ya walinzi. Kila beki, alisema, ana lindo lake, na halali lindoni. Walimwelewa kupita kiasi. Mechi ya kwanza walicheza na wapishi wa hoteli moja ya Al Muraqqabat, na mpira ukajiviringisha polepole hadi katikati ya mabeki wawili, ukasimama. Mabeki wakautazama. Mpishi mmoja, bado kavaa suruali ya jikoni, akaja kwa mwendo wa kawaida tu, akaufunga.

"Ule mpira ulikuwa wa nani?" Severin akauliza baadaye, akijikaza.

"Kocha, ulikuwa nje ya lindo yangu," akajibu Desire, Mganda, beki wa kushoto. "Nikiacha lindo na reliever hajafika, hiyo ni warning letter."

Hakuwa anatania. Beki mwingine akatikisa kichwa kukubaliana naye, na Severin akashindwa kuwafokea, maana ndivyo kazi yao ilivyo: mlinzi haondoki mpaka wa kumpokea afike, hata kama amebanwa na haja, na anayeondoka hurudishwa kwao. Basi akaongeza sheria. Adui akitoka kwenye eneo lako, unapaza sauti "Pokea!", na humwachii mpaka mwenzako aitike "Nimepokea!"

Tangu siku hiyo hakuna aliyewafunga. Timu pinzani zililalamikia makelele, refa akatafuta kanuni inayokataza, akaikosa. Tatizo ni kwamba walinzi nao hawakumfunga mtu, kwa sababu washambuliaji pia walikuwa na malindo yao. Kila mechi ikaisha bila bao, kila mechi wakashinda kwa penalti, na watazamaji wakazoea kuja na vikombe vya chai ya karak ili angalau wawe na cha kufanya. Hivyo hivyo wakafika fainali ya kombe la mwenye maghala.

Kwa Severin habari haikuwa fainali. Habari ilikuwa goti. Lilianza kuvimba katikati ya mashindano, akalifunga bandeji na kuvaa suruali ndefu ya mazoezi, akasema ni baridi, katika mji ambao watu huvaa sweta kwa sababu ya kiyoyozi tu. Na kwenye benchi alikaa Kenneth, Mganda, kijana wa miguu mirefu aliyekuwa akipokezana naye zamu getini. Kenneth alikuwa beki wa kati bora kuliko yeye. Timu nzima ilijua, na Severin alijua kabla ya timu. Lakini aliogopa. Akitoka uwanjani, Dubai ingebakiwa na Severin mmoja tu, yule wa kunyanyua kizuizi, na huyo hata yeye mwenyewe hakuwa na hamu naye.

Alhamisi, Kenneth alipokuja kumpokea zamu, alisimama kidogo mlangoni mwa kibanda.

"Kocha, goti yako."

"Limefanya nini?"

"Ukiamka kwa kiti unashika meza."

"Mazoea tu."

"Sawa, kocha," akasema Kenneth, akachukua redio. Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili.

Fainali walikutana na wachukuzi wa Al Ras, watu wanaosukuma mikokoteni ya viungo kutwa nzima na kuja mpirani kupumzika. Mshambuliaji wao alikuwa Taib, Mzanzibari mwembamba, mpole, anayemwambia beki "samahani, kaka" baada ya kumpita. Akamwambia Severin samahani ya kwanza, mpira ukagonga mwamba. Akamwambia ya pili, Ibra akauokoa kwa uso. Mara ya tatu Severin alimwona anakuja, akalisikia goti, na Taib akiwa bado yuko kabisa ndani ya eneo lake, akapaza sauti:

"Pokea!"

Desire, mtu wa sheria, akamwacha mtu wake na kukimbilia kule. "Nimepokea!" Taib akapenyeza mpira kwa yule aliyeachwa peke yake, naye akafunga bila haraka.

Hakuna aliyemlaumu kocha. Afadhali wangemlaumu. Desire alimjia akihema, mikono kiunoni, akasema, "Samahani kocha, nilichelewa kufika."

Hakuwa amechelewa. Severin alijua, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Mlinzi anayesinzia husamehewa. Anayemtupia mwenzake zamu kabla ya muda, kisha akaacha mwenzake aombe radhi, huyo hata kambini hasalimiwi, na Severin mwenyewe aliwahi kumnunia mtu mwezi mzima kwa kosa hilohilo.

Wakati wa mapumziko aliwakusanya kama kawaida.

"Namba tano anatoka," akasema.

Wachezaji wakatazama chini, wakawa wanatafuta kitu mchangani. Severin akaivua jezi, imelowa jasho, na kwa kuwa timu haikuwa na nyingine, akaikamua na kumpa Kenneth. Kenneth aliipokea kwa mikono miwili.

"Wewe utavaa nini, kocha?"

"Sweta la kazi lipo. Nenda, na usivuke katikati ya uwanja."

Kwa Taib, Kenneth hakupaza sauti "Pokea!" wala nini. Alimnyang'anya mpira mara ya kwanza, akamnyang'anya mara ya pili, na mara ya tatu akaondoka nao, akavuka katikati ya uwanja. "Rudi lindoni!" Severin akapiga kelele akiwa pembeni, sweta limemkaba shingo. "Kenneth! Lindoni!" Ama hakusikia, ama alisikia. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, akafunga kwa guu la kushoto, na walinzi wakabaki wamesimama kwanza, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uzoefu wa kushangilia bao. Severin alifurahi na akaona wivu, vyote kwa pamoja, na wivu ndio uliotangulia kufika. Alipoweza kupiga makofi, alipiga kwa nguvu sana, mpaka mtu wa jirani akamwaga karak yake.

Mechi ikaenda kwenye penalti, wakashinda kama walivyozoea.

Bwana Thamer, mwenye maghala na mwenye kombe, alifika yote yamekwisha, kanzu nyeupe, mkononi ana mfuko wa medali. Akasema yalla, wachezaji wapige foleni, makocha wakae pembeni. Severin alikuwa ameshapanga foleni na wachezaji, nyuma ya Desire, mahali pake pa siku zote. Akatoka, akaenda kusimama pembeni.

Thamer alipomfikia akampa mkono, akamtazama kifua na mabega.

"Kocha, wewe mwenyewe ulicheza mpira?"

"Nilicheza, sir. Beki wa kati."

"Naona, naona. Na uliacha lini?"

Severin akafikiria, maana aliulizwa vizuri.

"Leo, sir."

Thamer akacheka kwa sauti, akampiga begani. Kisha akamwangalia usoni, akaacha kucheka. Akamvisha medali, akainyoosha vizuri juu ya sweta, akapita kwa mtu mwingine.