Muuaji Asiyekuwa na Sababu

Chuoni Iringa nilisoma udhanaishi: kwamba mtu hazaliwi na maana, hujitengenezea mwenyewe kwa matendo yake, na hana wa kumsingizia. Nikayaandika hayo kwenye mtihani, nikafaulu vizuri. Kisha nikarudi nyumbani Mbalizi, nikakosa kazi ya ualimu, nikaishia kutafsiri filamu kwenye banda la video. Nilikaa pembeni ya skrini na kipaza sauti, nikiwasemea Wakorea na Wahindi kwa Kiswahili. Nisipoelewa, nilitunga.

Jumamosi moja asubuhi, nikipita sokoni, nilisikia kelele za "Mwizi!" Mwanamume wa makamo alikuwa chini katikati ya matenga ya nyanya, watu wakimshushia magongo. Sikumjua. Sikuwa nimeibiwa chochote. Nikapenya, nikampiga teke la mbavu. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nikaongeza la pili. Akageuza uso uliojaa damu, akanitazama mimi.

"Kaka, nimekukosea nini?"

Nikamkanyaga mdomo.

Polisi walipofika tukatawanyika. Hata saa sita haijafika, habari zilishaenea kwamba simu aliyokamatwa nayo ilikuwa yake mwenyewe.

Saa nane mchana banda lilijaa. Filamu ilikuwa ya fundi cherehani aliyempiga jirani yake nyundo hadi akafa, kisha akakaa kuwasubiri askari. Wakamuuliza kwa nini amefanya vile. Maandishi ya Kiingereza chini ya skrini yalisema kwamba hajui. Siku nyingine ningetunga: jirani alimchukulia mke, jirani alimroga mtoto. Watu walikuwa wananisubiri.

"Anasema hajui," nikasema.

"Hajui vipi?" mtu akafoka kutoka nyuma. "Tafsiri vizuri, bwana!"

"Hajui. Na mimi asubuhi nimemvunja mtu mbavu pale sokoni, na sijui kwa nini."

Muuza mitumba mmoja, ambaye asubuhi nilimwona na gongo mkononi, akasimama.

"Yule alikuwa mwizi."

"Simu ilikuwa yake."

"Alikuwa mwizi, nimesema!"

Akaruka mabenchi, akaninyang'anya kipaza sauti, akanipiga nacho mdomoni. Spika zikanguruma kila kilipotua. Meno mawili yalitoka. Alinipiga huku analia, na hakuna aliyemshika mpaka alipochoka mwenyewe. Mwenye banda akaniambia nisirudi tena.

Kesho yake nilikwenda hospitali mdomo ukiwa umevimba. Nilimkuta yule mwanamume amefungwa bandeji kifuani na kichwani, jicho moja limefunikwa. Dada yake alikuwa amekaa kitandani akimnywesha uji kwa kijiko. Nikawaambia kwamba nilikuwepo, na kwamba nilimpiga.

Mgonjwa hakunitazama. Dada yake akaweka kijiko chini.

"Ulimpiga na mguu upi?"

Nikamwonyesha wa kulia. Akauangalia muda mrefu, kiatu, suruali, goti, mpaka nikataka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, hata kupelekwa polisi. Wodi nzima ilikuwa inatusikiliza.

"Shika," akasema, akinipa kikombe cha uji. "Nataka nimwinue, na peke yangu siwezi."

Nikakishika kwa mikono miwili. Alipomwinua, kaka yake alipiga ukelele wa maumivu, uji ukanimwagikia vidoleni, nami sikukiachia. Polisi nilikwenda mwenyewe, mchana ule ule.