Yamini Aliyowalisha Mjomba

Mimi sina subira, najijua. Mtu pekee aliyeweza kuninyamazisha ni mjomba, kaka yake mama: mwalimu wa madrasa aliyeanzisha chama cha siasa cha watu wa dini kwetu pwani, naye ana kanzu mbili na baiskeli. Alifungwa mara mbili, wala hakununulika. Wenzake walipopanda magari makubwa, yeye alikwenda mkutanoni kwa baiskeli ile ile, akahutubia, akawahi kurudi kusomesha watoto.

Mwaka ule alipitia kwangu Dubai, njiani kwenda umra. Kwetu mtu haendi Makka na haki za watu shingoni. Kwanza huzunguka kuomba radhi. Nikadhani ataaga jamaa tu. Baada ya chai akaniambia, "Nipeleke Ras Al Khor. Kuna mtu nimemdhulumu."

"Wewe? Umdhulumu nani, mjomba?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Garini akanieleza. Wanachama walipoanza kuvutwa na vyama vikubwa, aliwakusanya msikitini akawalisha yamini kwa Msahafu kwamba hawatahama. Kijana mmoja akahama. Mtaa mzima ukamtenga, na mama yake akaapa kutosema naye tena. Ndipo kijana akakimbilia huku kufanya kazi gereji.

"Si aliapa kwa kinywa chake?" nikafoka. "Nani alimlazimisha?"

"Binti yangu, nani angeukataa Msahafu mbele ya watu?"

Nikakata kona kuingia mtaa wa magereji.

Tulimkuta kainamia gia boksi. Kijana gani tena, ndevu zimeshaingia mvi! Akafuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena, asijue ampe mjomba mkono au asimpe. Mjomba akamkumbatia na grisi zake, kanzu ikaharibika. "Nimekuja kukuomba radhi," akasema.

"Shekhe, mimi nilishakusamehe. Tatizo mama. Mwaka wa tisa huu hapokei simu yangu."

Mjomba akampigia huyo mama pale pale, akaweka spika tusikie sote. Akamwambia kosa ni lake yeye, si la mwanawe, akamwomba radhi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Shekhe," akasema, "yamini ulimlisha mwanangu mbele ya umati. Radhi waja kuniomba simuni? Kasemee pale pale uliposemea." Akakata.

Wallahi nilitaka kumpigia tena nimtie adabu. Mjomba akanishika mkono. "Kasema kweli," akasema.

Njia nzima nikamsihi asubiri angalau uchaguzi upite. Chama kilikuwa kimesimama juu ya yamini ile. Akiifungua, watu watahama na wenzake watammaliza. Akanijibu kwamba uchaguzi hautamjibia kaburini. Umra akaiacha. Kesho yake nikampeleka uwanja wa ndege, akarudi kwetu pwani.

Ijumaa, baada ya sala, alisimama katika msikiti ule ule. Akasema aliyekosea ni yeye aliyelisha yamini, si yule kijana aliyeshindwa kuishika. Kila aliyeapa sasa yuko huru, na kafara za kuvunja viapo vyao atazitoa yeye. Jumatatu halmashauri ya chama ikamvua uenyekiti.

Nilimpigia huku nalia. Nikawatukana wote walioinua mikono kumtoa, mijitu aliyoifundisha alifu kwa kijiti chake mwenyewe! Akaniacha nimwage yote.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Yule wa gereji umempigia?"

Sikuwa nimempigia. Nilikuwa nimeshughulika na hasira zangu. Nikampigia, simu inatumika. Nikasali adhuhuri, nikapiga tena, inatumika. Nikapika, nikala, nikaosha vyombo. Bado inatumika. Nikaanza kumkasirikia naye pia: watu wanapoteza vyeo kwa ajili yake, yeye anapiga soga!

Karibu na alasiri akapokea. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Dada, nitakupigia," akasema. "Niko na mama. Kapiga mwenyewe."