Kindi wa Darini

Kasoki alikuwa amezoea nyumba yenye watu. Utotoni, mjini Butembo, alilala na dada zake kitanda kimoja. Kambini Uganda, yeye, mumewe na mtoto wao Gad walibanana ndani ya hema, mpaka mume akafariki. Walipohamia ng'ambo, mjini Landover, walikuwa wawili tu, kisha Gad akapata kazi Texas, akaenda zake. Mchana Kasoki alifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu. Jioni alirudi, akafunga vyumba asivyovitumia ili joto lisipotee, akaishi jikoni. Gad alipopiga simu, mama alisema Kiswahili, mtoto akajibu Kiingereza, na maneno yakawaishia kabla chai haijapoa.

Januari, giza likianza kuingia, akasikia kitu kikikwaruza darini. Kikanyamaza, kikaanza tena. Alimwarifu mwenye nyumba, naye akamtuma Gahungu, Mrundi wa Woodbridge ambaye kazi yake ni kuondoa wanyama wanaoingia majumbani.

Gahungu alipanda ngazi asubuhi na tochi yake. Baada ya kitambo akaita kwa sauti ya chini, "Mama, njoo uone. Polepole."

Kasoki akapanda, akachungulia. Gahungu alikuwa amefunua kidogo pamba iliyotandazwa darini kuzuia baridi, na chini yake kulikuwa na bonge la manyoya ya kijivu. Bonge lilikuwa linapumua. Mara jicho moja kubwa jeusi likafunguka, likamtazama, likafumba.

"Njo nini hii?" akanong'ona kwa Kiswahili cha Butembo.

"Kindi. Hawa wana ngozi ubavuni, wanaitandaza wakiruka kutoka mti hadi mti. Hawalali msimu mzima wa baridi kama wanyama wengine. Lazima watoke wakale. Wakirudi wanajikunja pamoja hivi, kila mmoja anampasha mwenzake."

"Na akibaki peke yake?"

"Nguvu yote ya chakula inaishia kwenye kutetemeka."

"Ni bandugu?"

"Wengine. Wengine hawana undugu wowote. Baridi ikiingia wanapokeana tu."

Gahungu alikuwa ametumwa kuwatoa siku hiyohiyo. Alikuwa na kilango kinachofunguka kwa nje tu: kindi akitoka, harudi. Kasoki alikishika, akakigeuza mikononi, akamrudishia.

"Leo hapana, ndugu yangu. Nje kuna barafu. Bataenda wapi?"

"Mwenye nyumba atasema nini?"

"Mpigie. Nitasema naye mimi."

Yeye ambaye hakuwahi kumlalamikia mwenye nyumba hata kwa bomba lililovuja, siku hiyo alishikilia neno lake. Mwishowe mtu yule akakubali wangoje baridi ivunjike, lakini wasichelewe hadi kindi waanze kuzaa.

Wiki iliyofuata dhoruba ya theluji ikaangusha nyaya, umeme ukakatika, na mashine ya kupasha nyumba joto ikazimika. Kasoki alivaa koti juu ya koti, akaketi kitandani na blanketi zake zote. Alasiri simu ikaita. Alikuwa Gahungu.

"Habari za wageni wako wa darini?"

"Banakwaruza. Bako wazima."

"Na wewe, Mama Gad?"

Pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi.

"Niko muzuri," akasema.

"Umeme unao?"

"Uko."

"Mke wangu Ineza anasema njia ikifunguka nije nikuchukue, ukae kwetu."

"Aksanti. Niko muzuri."

Alipokata simu alijishangaa. Alikuwa amewapigania kindi mpaka mwenye nyumba akasalimu amri, lakini kusema "nasikia baridi" kulimshinda. Alitaka kumpigia tena, akaona haya. Akajikunja, akasikiliza dari hadi usingizi ukamchukua. Umeme ulirudi siku ya pili, na kikohozi alichokipata kikamkalia muda mrefu.

Mwisho wa Februari jua likapata nguvu. Gahungu akaja kuweka kilango chake, na siku chache baadaye akaziba kwa bati tundu walimokuwa wakipitia. Jioni ile Kasoki alikaa jikoni akisubiri sauti ambayo alijua haitakuja. Hakuamini jinsi nyumba ilivyokuwa kubwa.

Jumapili baada ya ibada alipanda basi hadi Woodbridge kwa akina Gahungu, njia ndefu ya kubadilisha mara kadhaa. Ineza alipofungua mlango, Kasoki alisahau salamu zote alizoziandaa.

"Siku ile ya theluji," akasema, "nilidanganya. Umeme haukuwepo."

Ineza alimtazama. "Tulijua," akasema. "Ingia, Mama Gad. Viatu acha hapo."

Alimpa kisu na bakuli la viazi, wakamenya huku watoto wakigombana kwa Kiingereza sebuleni. Jua liliposhuka Gahungu alimrudisha Landover kwa gari. Kasoki alifungua mlango wake, akawasha taa. Nyumba ilikuwa kimya vilevile. Alisimama kidogo na koti lake mwilini, kisha akaenda kufungua mlango wa chumba cha Gad, ili kipate joto.