Kipanga wa Mama Marko

Ukiambiwa kwamba mlinzi wa kuku wa kijiji alimuuguza kipanga, utadhani unataniwa. Mimi nilikuwa jirani yake, na chakula cha mgonjwa kilipita mlangoni kwangu kila asubuhi kikining'inia kwa mkia.

Jina lake ni Tekla, ila sote tulimwita Mama Marko. Alihamia kijiji chetu cha ujamaa, karibu na Kwihara, Tabora, mwaka 1974. Alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, na mbishi hasa. Kamati ilimkabidhi mradi wa kuku kwa sababu hakusema uongo hata pale uongo ulipokuwa na faida. Aliwajua kuku wake mmoja mmoja, yupi mkorofi na yupi mvivu wa kutaga.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna karanga, vijana walimpiga kipanga jiwe akiwa juu ya banda. Akaanguka, bawa limevunjika. Walipomsogelea wammalize, Mama Marko akamtupia khanga yake, akambeba. Alilinyoosha bawa, akalikaza kwa vipande vya mabua ya mtama na utepe wa kitenge, akamlaza ndani ya tenga nyumbani kwake. Nilimuuliza kama amerogwa. Akanijibu kwamba kuku alikabidhiwa na kamati, lakini huyu kamwangukia yeye miguuni.

Basi akawa anatega panya kwenye ghala la kijiji na kumlisha. Mahindi yetu yalipona kidogo, lakini nani wa kumshukuru? Watu walikuwa wanahesabu vifaranga.

Mwenyekiti wetu, Anselm, alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa wa kufuata taratibu. Aliitisha mkutano, akasema mlinzi wa kuku kumfuga mla kuku ni aibu itakayotufikisha wilayani, hivyo ndege auawe kesho yake. Mama Marko akamwomba wiki chache tu, bawa liunge, amwachie aende zake.

"Mama Marko, hapa hakuna changu wala chako," Anselm akasema. "Kila kilichomo humu ni mali ya kijiji, na ndege huyo pia. Na kijiji kimeamua."

Mama Marko akakaa chini. Sikuwahi kumwona akishindwa, na nilimwonea huruma mpaka nikatazama pembeni.

Ndipo akainuka Mfaume, fundi cherehani. Yeye ni Mzaramo. Babu yake alikuja Tabora na misafara ya pembe akanogewa. Na tangu misafara hiyo, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani akishika kitu chako akasema amekichukua, unacheka na kumwachia. Ukinuna, aibu ni yako.

"Ndugu Mwenyekiti, umesema ndege ni mali ya kijiji," akaanza kwa upole. "Na kijiji hiki ni cha Wanyamwezi. Basi, watani zangu, ndege nimemchukua."

Mkutano mzima uliangua kicheko. Anselm naye akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mfaume alikwenda kuchukua mali yake, lakini kipanga alipomkazia macho tu, akarudi nyuma na kumwomba Mama Marko amtunzie.

Baada ya wiki tano bawa likafunguliwa. Tulikusanyika shambani, mbali na kuku. Mama Marko alimrusha juu. Ndege akapiga mabawa mara tatu, akaanguka mavumbini. Hakuna aliyecheka. Mama Marko alisimama kama aliyepigwa, mikono bado iko hewani.

Aliyekimbia kumwokota alikuwa Anselm. Kipanga akamzamishia kucha kiganjani, damu ikatoka, naye hakumwachia. Akapanda juu ya kichuguu, akamrusha kwa nguvu zake zote huku akisema, "Nenda, baba, nenda."

Safari hii ndege alikwenda. Aliyumba, akashika upepo, akapita juu ya vichwa vyetu hadi tukashindwa kumwona.

Mama Marko alichana upindo wa khanga yake, akamfunga mwenyekiti mkono, huku analia waziwazi. Anselm alimwambia mkono hauumi. Wote wawili walikuwa bado wanatazama juu, na kile kitambaa alikifunga shaghalabaghala.