Kisanduku Kisichosubiri

Wodini wanamwita Kamanda, na jina hilo hakupewa kwa kupendelewa. Miaka thelathini na moja anapokea watoto, na hata madaktari wakisikia kandambili zake zikiburuzwa koridoni, wanajipanga. Lakini siku hiyo, kwenye kompyuta ya ofisi ya leseni, kisanduku kidogo cha kuandikia namba ya usajili kilikuwa kimemtoa jasho mara kumi na moja.

Leseni yake ya ukunga ilikuwa inakwisha siku ileile. Asipotuma fomu kabla ya saa kumi jioni, kesho haruhusiwi kukanyaga chumba cha kujifungulia. Namba ina tarakimu nane, naye huandika kwa kidole kimoja: anasoma kadi, anatafuta, anabonyeza, anarudi kwenye kadi. Akifika ya tatu tu, kisanduku chekundu, "Namba si sahihi", na alichoandika chote kimefutwa.

"Mama, lete nikujazie," karani akasema, mkono umeshafika kwenye kibodi.

"Toa mkono. Fomu inasema nijaze mwenyewe. Niitie aliyeitengeneza."

Fundi wa mfumo akashuka kutoka ghorofani, mwanaume wa makamo, sura ya mtu aliyekatishiwa chai yake. Akaeleza kwa ule upole wa kumdharau mtu: ndani ya ukurasa kuna skripti, programu ndogo inayofuatilia kila kitufe kinachobonyezwa. Ukitulia sekunde mbili, inakagua, na ikikuta pungufu inafuta.

"Kwa hiyo, mama, andika harakaharaka."

Hapo ndipo alipoharibu.

"Baba, nimezalisha wanawake mpaka idadi imenipotea. Sijawahi kumwambia hata mmoja kwamba amekosea wakati kichwa cha mtoto ndiyo kwanza kinatokeza. Sijamaliza kuandika, hii yako inaniambiaje nimekosea?"

"Tutalishughulikia wiki ijayo."

"Wiki ijayo sina kazi." Akavuta kiti, akapakata mkoba. "Siondoki."

Kwenye foleni mzee mmoja akakohoa, akasema naye kimemfutia tangu asubuhi. Halafu nesi mmoja. Halafu mwingine. Kumbe wote walikuwa wanaona aibu tu, kila mtu akidhani mjinga ni yeye.

Fundi akaangalia foleni, akakaa kwenye kompyuta ya pili. Hata dakika kumi hazikuisha. Alichofanya ni kuiambia skripti isikague mpaka mtu atoke kwenye kisanduku, na isifute kitu.

Kamanda akaanza upya. Tarakimu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, kisha akavua miwani akaifuta taratibu, makusudi kabisa, huku kisanduku kimetulia cheupe. Alipomaliza ya nane akahamia mstari wa chini.

Kikawa chekundu. Tarakimu zote nane zilikuwa pale pale, na ya tano haikufanana na ya kwenye kadi.

"Hapo sawa," Kamanda akasema. "Hapo nimekosea kweli."

Akarekebisha tarakimu moja, akatuma, saa kumi kasoro dakika sita.