Mtama Katikati ya Meza ya Mama

Enzi zetu meza ya kulia haikuwa samani, ilikuwa cheo. Kwetu Kiyeyi, upande wa Tororo, Uganda, nyumba zenye meza ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vingine vingebaki vya kukunia kichwa. Yetu ilichongwa na fundi wa Rubongi kwa mti wa mvule, ikabebwa na wanaume wanne, na siku ilipofika majirani walitoka nje kuitazama kama bibi harusi. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Siku za kawaida meza ilikuwa yake peke yake, ya kulia na ya kusahihishia madaftari. Mama na sisi watoto tulikula jikoni, mkekani, penye moshi na hadithi, na hakuna aliyejiona ameonewa. Wajukuu zangu leo wanakula wamelala kwenye kochi, sahani kifuani, kama wagonjwa wa wodini. Nikiwaambia wakae vizuri wananiuliza kwani kuna nini.

Lakini mara moja kwa mwaka meza ile ilikuwa yetu sote, nayo ni siku ya Sikukuu ya Mavuno. Nani wa rika langu amesahau msimu ule? Wimbi limeshakauka, mtama umeshafungwa mafungu, simsim imeegemezwa inapasuka yenyewe kwa jua. Nyumba nzima imekandikwa upya kwa samadi na udongo, mikono yetu inanuka ng'ombe kwa siku tatu. Kanisani, maboga yamepangwa hadi madhabahuni, na kuku waliofungwa miguu wanaitikia nyimbo kabla ya kwaya.

Mwaka ninaoukumbuka, Uhuru ulikuwa bado mpya mdomoni. Kulikuwa na bibi mmoja wa misheni aliyewafundisha akina mama wa kanisa mambo ya nyumba kila Alhamisi. Wenyewe walimwita Bibi Vijiko, kwa sababu somo lake halikuanza mpaka vijiko vimehesabiwa. Mwaka huo alitangaza shindano. Siku ya mavuno, baada ya ibada, angepita nyumba hadi nyumba kutazama meza zilizopambwa, familia nzima ikiwa imekaa inakula pamoja. Mshindi angepata birika la enameli lenye maua ya buluu. Sharti moja alilisema mara tatu: maua ya katikati ya meza yasipite urefu wa rula, ili walaji watazamane machoni. Na rula angekuja nayo mwenyewe.

Akina mama wengine walilitaka birika. Mama yangu alitaka kitu kingine, nasi tulikijua kwa sababu alikisema kila alipokuwa akifuma kile kitambaa cheupe cha meza: alitaka mama yake mzazi ale mezani kwake, hata mara moja, kabla hajafa.

Bibi yetu huyo, Kukhu, alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Mama aliolewa huku Padhola, kwa watu wa Baba, na kwa kuwa yeye na Baba walikutana kwa Kiswahili, nyumbani kwetu Kiswahili kilibaki. Kukhu alikuja kututembelea kila mwaka, basi hadi Tororo na baiskeli ya mjomba hadi kwetu. Hakuwahi kula ndani ya nyumba kubwa. Mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na heshima yenyewe ni kwamba mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, sembuse kutazamana wakitafuna. Wakikutana njiani mmoja huacha njia. Mara moja Kukhu alijitosa kwenye shamba la mihogo kumpisha Baba na baiskeli yake, akatoka huko na siafu hadi magotini, na hakulalamika. Baba naye akisikia sauti yake uani, alikumbuka ghafla kwamba ana kazi shuleni, hata kama ni likizo.

Mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ila masomo ya Alhamisi yalikuwa yamemwingia. "Kanisani wanakaa chini ya paa moja," alisema. "Mezani kuna ubaya gani?" Sisi tukaona ni kweli. Mtoto huona kweli kila linalomletea nyama.

Siku moja kabla, alasiri, nilitumwa mimi na dada yangu Athieno tukakate masuke ya mtama mwekundu, shibiri moja tu chini ya kichwa, ili Mama ayalaze kuzunguka maua. Nitakiri leo, kwa kuwa aliyestahili kunichapa hayupo. Mabua ya mtama ule yalikuwa matamu kama muwa, na sisi tulikata mmea mzima, tangu mzizini, tukikusudia kutafuna kitakachobaki. Tulirudi na mzigo mrefu kutupita wenyewe.

"Nimewatuma mapambo, mmeniletea shamba zima," Mama akasema. Alitukagua midomo, akajua, na ili tusiyatafune akayasimamisha kwenye mtungi wa maji nyuma ya mlango wa sebuleni. Tulilala na adhabu yetu.

Kesho yake, jamani, meza ile ilipendeza. Kitambaa cheupe kimenyooka, kila sahani imezungukwa na masuke ya wimbi yaliyopinda kama vidole, maboga madogo ya rangi ya machungwa yako kwenye pembe, vibuyu vimesuguliwa mafuta ya simsim mpaka vinang'aa. Katikati, maua ya manjano ya porini, mafupi, yamepimwa kwa rula ya Baba. Jikoni kuku wawili walikuwa wameiva katika mchuzi wa simsim, na ugali wa wimbi ulikuwa unapumua kwenye kikapu. Harufu ile nikiipata leo ninasimama njiani.

Kukhu alifika na kanga yake mpya. Alisimama kizingitini, akaitazama meza, akamtazama binti yake, akahesabu viti.

"Hiki ya nani?" akauliza.

"Chako, mama."

"Na hiki hapa mbele yake?"

Mama akanyoosha kitambaa cha meza. "Cha baba watoto."

Kukhu akarudisha mguu nje. "Mwanangu, meza iko nzuri sana. Mungu akubariki. Mimi nakulia jikoni, na furaha yote."

"Mama, nimeipamba kwa ajili yako."

"Najua. Na mimi nimeiona. Lakini mtu nakulaje mbele ya mkwe yake? Nataka Wasamia wote wanicheke?"

Baba, mwalimu mzima aliyetetemesha darasa la saba, alikuwa nje anazunguka ghala la wimbi akikagua kuku ambao hajawahi kuwajali. Mama aliketi kwenye kiti kilichokuwa cha Kukhu, akafunika uso kwa kitambaa cha mkononi. Sijawahi kumwona vile. Alikuwa amefuma miezi minne. Mimi na Athieno tulisimama pale mlangoni, na kwa mara ya kwanza sikuwa nafikiria nyama.

Kisha akafuta macho na kututazama. Tukadhani ya mabua yamerudi. Kumbe alikuwa anatazama nyuma yetu, kwenye mtungi.

Aliinuka, akaling'oa lile shada la manjano lililopimwa, akalitupa kwenye karai. Akaukumbatia mtungi kwa mikono miwili, maji yakimmwagikia gauni la kanisani, akauweka katikati ya meza. Mtama ukasimama mpaka karibu na mabati, masuke mekundu yakaanguka huku na huku, majani yakatandaa. Ulikuwa ukuta.

Kukhu akaja taratibu. Akaketi. Akainama kushoto, akachungulia. Akainama kulia. Mama akamwita Baba, naye akaingia kinyumenyume, macho kwenye mabati, akapapasa kiti chake kwa mkono.

"Mkwe iko?" Kukhu akauliza mtama.

"Niko, mama."

"Mimi haioni."

"Nami sikuoni, mama."

"Basi tuombe."

Tulikula, ndugu zangu. Tulikula, na watu wawili wasiotazamana walizungumza siku hiyo zaidi kuliko miaka kumi iliyopita. Kukhu aliuliza habari za shule, Baba akauliza bei ya samaki Busia na magoti ya babu, na kila mmoja aliuelekea mtama kwa adabu kama anayehutubia mkutano. Halafu Baba akafanya jambo ambalo sijalisahau. Firigisi ya kuku ilikuwa ya mwenye nyumba, hakuna aliyeigusa. Katika ujana wa Kukhu mwanamke hakula kuku hata kidogo. Baba akaiweka firigisi kwenye sahani ndogo, akaisukuma chini ya majani ya mtama mpaka ikatokea upande wa pili.

Kukhu akaitazama muda mrefu. Akageuka kulia, kushoto, akaona hakuna wa kumwona isipokuwa binti yake na sisi wajukuu, na watoto si watu. Akaila. Akaila yote, polepole, amefumba macho.

Hapo ndipo Bibi Vijiko alipoingia na rula yake.

Aliisimamisha kando ya mtungi. Rula ikafika tumboni mwa mtungi, mtama wenyewe haijaugusa. Akatikisa kichwa. "Mama Athieno," akasema kwa kile Kiswahili chake cha kitabuni, "hili ni kosa. Walaji hawaonani."

Mama, ambaye kila Alhamisi alimjibu ndiyo na ndiyo tena, akainuka. "Ndiyo sababu wanakula," akasema.

Bibi Vijiko akainama upande mmoja, akamwona bibi mzee analamba vidole. Akainama upande wa pili, akamwona mwalimu anatabasamu na sahani yake. Rula ikaingia mkobani, akaomba kiti.

Jioni, kanisani, birika alipewa mke wa karani, kwa kuwa sharti ni sharti. Mama alipiga vigelegele kuliko mshindi mwenyewe. "Birika ni la chai," alituambia njiani kurudi. "Mimi mama yangu amekula kwangu." Alitembea katikati ya barabara siku hiyo, baiskeli zikampisha. Na mavuno yaliyofuata, nyumba zote zenye meza Kiyeyi zilisimamisha mtama mrefu katikati, hata ya mke wa karani, na Bibi Vijiko akaja kula bila rula.

Meza ile sasa iko kwangu. Kukhu na Mama wamelala, mmoja kila upande wa mpaka. Nami nimekuwa mama mkwe, wa zama hizi ambazo mkwe anakukumbatia mlangoni mpaka mbavu zinalia, na anakuita "mami". Mezani kuna maua ya plastiki, mafupi, Bibi Vijiko angeyapenda. Hakuna kinachomzuia mtu kumwona mwenzake, ila kila mmoja anatazama simu yake. Tunaonana wote na hatuzungumzi.

Mwaka jana, wakati wa mavuno, nilikata mtama mzima, tangu mzizini, nikausimamisha kwenye mtungi katikati. Mjukuu wangu akanung'unika kwamba unaharibu picha. Nikamwambia akae. Tukaomba, tukaanza kula kimya kimya, nami nikajisemea kwamba nimekuwa mzee wa vituko.

Kisha nikasikia simu ikilazwa mezani, na sauti ya mkwe wangu ikatoka kwenye majani. "Mama, uko ng'ambo hiyo?"

"Niko," nikasema.

Sahani ndogo yenye firigisi ikasukumwa chini ya mtama ikanifikia. Sikuuliza ni nani aliyemsimulia. Niliila yote, polepole, na hakuna mkubwa aliyeniona.