Picha ya Kichwa cha Mzee Futi

Fundi cherehani huyu aliitwa Mzee Futi kwa sababu futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni hata bafuni. Kwa miaka arobaini hakuna mteja aliyemrudishia nguo. Kisha mwezi mmoja akamshonea mwalimu mkuu suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Wiki iliyofuata akaweka pasi ndani ya friji, na siku ya tatu akapotea akirudi nyumbani kutoka kibandani kwake, mwendo wa nyumba nne.

"Baba, twende ukapigwe picha ya kichwa," binti yake akamwambia.

"Ya nini? Si ipo kwenye kitambulisho?"

"Ya ndani, baba."

Alikubali shingo upande. Kaka yake mkubwa alikufa akiwa hawatambui hata wanawe, na Mzee Futi aliogopa picha isije ikamwonyesha njia ileile.

Hospitalini, kijana wa mashine akamuuliza, "Mzee, humu mna sumaku kali sana. Una chuma chochote mwilini?"

"Sina."

Kijana akampitishia kifaa cha ukaguzi. Kikalia kwenye ukosi: pini tatu. Kikalia kwenye mkono wa shati: sindano na uzi wake. Kikalia kwenye upindo wa suruali: pini nne.

"Mzee, umevaa nguo au umevaa duka?"

Akapewa gauni la hospitali. Akaligeuza mbele na nyuma, akasikitika. "Limeachwa wazi mgongo mzima! Fundi wake alikimbizwa na nani?"

Ndani ya mashine hapakuwa na utani. Iligonga na kukereza masikioni mwake, naye akalala kimya kama jora la kitambaa, akiyataja moyoni majina ya wanawe asije akayaacha humo. La kitinda mimba lilimponyoka mara mbili.

Majibu yalipotoka, daktari, mama mmoja mpole, akawaita Mzee Futi, mkewe na binti yao, akawaonyesha picha kwenye kompyuta.

"Tulihofia ugonjwa wa kusahau wa uzeeni," alisema. "Lakini sehemu hii ya kumbukumbu haijasinyaa kupita umri wake. Tatizo ni hapa. Kati ya fuvu na ubongo kuna damu iliyojikusanya, inaubana ubongo. Ni ya wiki kadhaa. Mzee, ulianguka lini?"

"Mimi? Sijaanguka."

"Picha inasema ulianguka."

Mzee Futi akaitazama ile picha kama anayemtazama jirani mmbea. Mkewe akamgeukia polepole.

"Baba watoto."

"Kistuli kiliteleza," akasema Mzee Futi kwa sauti ndogo. "Ulikuwa umeenda kusuka. Nikapanda kuchukua zile biskuti ulizonificha juu ya kabati kwa ajili ya sukari yangu. Nikajigonga kwenye pembe ya kitanda. Nikakirudisha kistuli, nikavaa kofia."

"Kumbe ile kofia! Nami nikakusifia umependeza!" Mkewe akapiga makofi. "Pasi unaisahau kwenye friji, biskuti unazikumbuka?"

"Nitazisahauje? Hata sikuzifikia."

Binti akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakawa machozi ya kweli, daktari alipoongeza kwamba ugonjwa huu unatibika.

Kesho yake wakamtoboa tundu dogo fuvuni, damu ikatolewa. Hazikupita wiki tatu, majina ya wanawe wote saba yakarudi, la kitinda mimba likitangulia.

Baada ya miezi mitatu walikwenda kupiga picha nyingine, nayo ikatoka safi. Mkewe akamvuta kando kijana wa mashine.

"Mwanangu, hii yenu inaweza kuonyesha alikuwa wapi Jumamosi iliyopita?"

"Hapana, mama. Hiyo haiwezi."

Mzee Futi, aliyekuwa akifunga vifungo vya shati, akashusha pumzi iliyosikika hadi mapokezi.